Mume wangu ana usonji na mafumbo yangu hayaelewi: je, ananidhulumu?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mume wangu ana usonji. Daktari alituthibitishia mwaka jana, tukiwa tumeshaoana miaka minne. Anaswali, anahudumia nyumba, wala hasemi uongo, lakini nikinuna hana habari. Nikimuuliza pilau ikoje, hunijibu kuwa chumvi imezidi. Juzi nilijifunga kanga yenye jina "Mvumilivu hula mbivu" ili ajue moyo umenijaa. Akaisoma kwa sauti, kisha akaniambia herufi ya mwisho imekatika. Tukirudi harusini hujifungia chumbani bila kunisemesha. Mama yangu anasema ni jini, azinguliwe. Je, ananidhulumu?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Binti yangu, dhalimu ni yule anayeijua haki ya mwenzake kisha akaizuia, na mumeo hakuzuia kitu: fumbo halikumfikia. Usonji ni namna ubongo wa mtu ulivyokua tangu utotoni, wala si jini, na wengi walio nao huyapokea maneno kama yalivyotamkwa. Uso ulionuna, sauti iliyobadilika na jina la kanga, ambavyo sisi watu wa pwani tumevifanya nusu ya mazungumzo yetu, kwao havisomeki kwa wepesi. Kumsomea Qur'ani ni kheri kwa Mwislamu yeyote, ila kumzungua kana kwamba amepagawa ni kumfedhehesha bila kosa.

Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimwambia mkewe Bi Aisha (r.a.) kuwa anajua Bi Aisha anapokuwa radhi naye na anapomkasirikia: Bi Aisha akiwa radhi huapa kwa Mola wa Muhammad, na akikasirika huapa kwa Mola wa Ibrahim. Hadithi hii hutajwa sana kuwasuta waume wasioona, na huenda nawe ulishamsomea mumeo. Hebu itazame tena. Alama yenyewe ilikuwa neno, tena lilelile kila mara, na Mtume alimweleza mkewe waziwazi kwamba analijua. Basi nanyi wekeaneni neno. Ukimwambia, "Nimeudhika, nataka ukae nami dakika kumi," umemfungulia mlango ambao kanga haikuufungua. Mweleze jambo moja kwa wakati mmoja, umsubiri ajibu hata akikawia, na asipokutazama usoni usidhani hasikilizi. Na akisema chumvi imezidi, basi ni chumvi tu. Hakuna zaidi ya hapo.

Kujifungia baada ya matarumbeta na taa za harusi si kukususa. Wengi wenye usonji huumizwa na kelele kwa kiasi ambacho sisi hatukihisi. Hata hivyo, mumeo ana akili timamu, kwa hiyo amri ya "kaeni nao kwa wema" (an-Nisaa, 19) inamhusu kama inavyomhusu mume mwingine, na usonji haumwondolei wajibu huo. Kabla ya kufunga mlango na aseme, au akuandikie kwenye simu ikiwa kutamka kunamlemea, kwamba amechoka na atatoka baada ya saa moja, kisha atoke.

Mtume (s.a.w.) ameagiza kwamba mtu akimpenda ndugu yake amjulishe, kama alivyopokea Abu Daud. Mwombe mumeo akutamkie hilo kwa ulimi wake, wala usiseme kuwa neno la kuombwa halina ladha. Asiyesema uongo hatakutamkia asichokihisi.

Wallahu aalam.