Pendwa na nani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi na wenzangu tunasoma na kuandika hadithi za mashabiki, zile ambazo mtu aliyenogewa na tamthilia ya televisheni huwachukua wahusika wake akawatungia visa vipya. Kila mwezi naandaa orodha ya kuwaelekeza wenzangu wasome nini. Rafiki yangu anasema tuziite "hadithi za kishabiki". Mimi nasema "hadithi za mashabiki". Nani yuko sahihi? Nakunukulia mwanzo wa orodha ya mwezi huu uone tunavyoandika: "Leo nawapendekeza waandishi wangu pendwa wa muda wote na hadithi zangu pendwa tano kutoka tamthilia mbalimbali."

JIBU: Marahaba. Umeshinda wewe. Ile ki- ya namna, iliyomo katika kitoto na kizembe, hueleza jinsi jambo linavyofanywa, na kishabiki limekwisha kuchukua sura mbaya. Mtu akisema uchambuzi fulani ni wa kishabiki, anaulaumu kwamba umeegemea upande na umefumba jicho moja. Si haki kumbandika mwandishi lawama hiyo kabla hajasomwa. Hadithi za mashabiki inatosha. Atakayeuliza kama zinawahusu mashabiki au zimeandikwa nao atapata jibu akifika mstari wa pili, na ukiona lazima, andika "zilizoandikwa na mashabiki". Hadithi tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako ni mazungumzo au habari inayosimuliwa. Penda ni Kibantu chetu. Kuhusu asili, hayo yanatosha.

Ugomvi wenu umekwisha, lakini siwezi kuiacha sentensi uliyoninukulia. Ina neno ambalo nimelivumilia kwa miaka mingi, na safari hii limetua mahali ambapo uvumilivu wangu umefika mwisho. Pendwa.

Kitenzi cha kutendwa katika Kiswahili hakitembei uchi. Hatusemi barua andikwa, mlango fungwa, mtoto itwa. Tunasema barua iliyoandikwa, mlango uliofungwa, mtoto aliyeitwa. Tukitaka sifa inayotokana na kitenzi tunaiunda kwa njia zake: tulia imetupa -tulivu, sikia imetupa -sikivu, pungua imetupa -pungufu. Wataalamu walipohitaji istilahi fupi walijiruhusu kukata njia, wakatuletea lugha lengwa, hadhira lengwa na fasihi pendwa. Sina ugomvi na hiyo ya mwisho. Ni jina la aina ya maandishi, yale ya upelelezi, ya mapenzi, ya vitisho, yanayosomwa na umma mkubwa. Anayependa hapo anajulikana, ni umma, kwa hiyo hana haja ya kutajwa.

Neno likatoka kwenye vitabu vya wataalamu likaingia redioni. "Endelea kusikiliza kipindi chako pendwa." Ndiyo kwanza nimewasha redio, sijui kipindi kinahusu nini, na tayari nimeamuliwa kwamba nakipenda. Mtangazaji hawezi kusema "kipindi unachokipenda" kwa ujasiri uleule, kwa sababu hapo atakuwa amenitaja mimi, nami naweza kukana. Pendwa linamfaa kwa sababu linamficha mpendaji. Wewe mwenye orodha huna sababu yoyote ya kumficha. Mpendaji ni wewe, na mapenzi yako ndiyo ushahidi pekee ulio nao mbele ya wenzako.

Hebu tuisome "hadithi zangu pendwa tano" kama atakavyoisoma mtu asiyekufahamu. Zangu kwa vipi? Umeniambia mwenyewe kwamba mnasoma na kuandika. Akiona "hadithi zangu" ataelewa, wala hatakuwa na kosa, kwamba umezitunga wewe. Kisha anakutana na pendwa: zinapendwa. Na nani? Hakuna jibu, basi atajaza mwenyewe: na watu. Sentensi aliyobaki nayo kichwani ni hii, "hadithi tano nilizozitunga, ambazo watu wanazipenda". Ulinyanyua mkono kumsifu mwandishi mwingine na mkono ukaishia kifuani pako. Kiswahili kina kitenzi cha kitendo hicho, nacho ni mtoto wa penda huyohuyo: kujipendekeza. Najua hukukusudia. Lakini msomaji hana kusudio lako mkononi, ana maneno yako.

Katika mambo mengine kosa hili lingepita. Mtu akiniambia "rangi yangu pendwa" sitamwuliza kama aliitengeneza. Kwenye hadithi za mashabiki halipiti, kwa sababu swali la nani ni mwenye nini ndiyo roho ya shughuli nzima. Chukua Star Trek, iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969. Kirk na Spock ni wahusika wa wale walioitengeneza tamthilia. Mwaka 1967 mashabiki walitoa jarida lao wenyewe, Spockanalia, na yale waliyoyatunga humo yalikuwa kazi yao, ingawa wahusika waliwaazima. Msomaji aliyelimaliza jarida akampa mwenzake na kumwambia "anza na hii" hakuwa na haki juu ya wahusika wala juu ya kisa. Alichokuwa nacho ni mapenzi yake tu. Wahusika wana mwenyewe, kisa kina mwenyewe, mapenzi yana mwenyewe, nao ni watu watatu tofauti. Hifadhi kubwa ya hadithi hizi kwenye intaneti, Archive of Our Own, iliyofunguliwa 2009 na kuendeshwa na shirika lisilo la faida, imeuweka umiliki ndani ya jina lake: hifadhi yetu wenyewe. Watu wanaolipa neno "yetu" uzito huo watalisoma "zangu" lako kwa uzito uleule.

Sasa tazama lugha yako inavyokupa kila kitu bila kuombwa. Ninazozipenda. Ni- ya mwanzo ni wewe, mpendaji. -zo- na -zi- ni hadithi, zimekaa zilipotakiwa kukaa, hazijawa mali ya mtu. Kitenzi kiko mwisho, kimevaa nguo zake zote. Neno moja limempa kila mmoja kiti chake, na hakuna atakayekuuliza umezitunga wewe au nani. Kwa mwandishi ni "ninayempenda", au ukitaka ufupi wa kimaandishi, "nimpendaye". Ukitaka nomino, ipo tayari na ni tamu: kipenzi. "Huyu ni kipenzi changu" haina utata, kwa sababu -angu hapo imeushika upendo wenyewe.

Usije ukadhani dawa ni kuongeza kiambishi ukaandika "waandishi wangu wapendwa". Mpendwa ni nomino yenye kazi maalumu. Inafungua barua, inafungua mahubiri, na inakaa chini ya picha ya marehemu. Ukiandika "waandishi wangu wapendwa" nitangoja mkato nikidhani unaanza kuzungumza nao. Ukiandika "mwandishi wetu mpendwa" nitauliza amefariki lini.

Na huo mkia, "wa muda wote". Muda ni kipande cha wakati chenye mwanzo na mwisho: tunasema muda umekwisha, nipe muda, muda wote wa mkutano alikaa kimya. Kazi ya muda wote ni ile isiyokuacha na nusu siku yako. Kwa hiyo mwandishi wako wa muda wote, kwa Kiswahili, ni mtu uliyemwajiri akuandikie kutwa. Umelibeba hilo kutoka lugha nyingine neno kwa neno, ukaacha nyumbani kitu bora zaidi. Tuna "sijapata". Sijapata kusoma mwandishi wa kumfikia huyu. Hiyo -ja- imebeba kila kitu ulichowahi kusoma mpaka dakika hii, na imeuacha mlango wa kesho wazi, maana huenda mwezi ujao ukampata wa kumzidi. "Wa muda wote" linakufungia mlango huo kwa nguvu, nawe bado ni msomaji.

Nimebakiwa na kitenzi chako cha mwanzo. "Nawapendekeza waandishi…" Hiyo -wa- ni nani? Kama ni waandishi, sentensi inasimama mpaka ifike "na hadithi", hapo inapepesuka. Kama ni wasomaji wako, basi umewapendekeza wao, kana kwamba kuna cheo kinachongoja mtu. Ukisema nakupendekeza, unanitafutia nafasi. Ukisema nakupendekezea, unanipa kitu cha kusoma. Kumpendekeza mwandishi ni jambo la kweli na lina mahali pake. Melissa Good alijulikana kwa hadithi za mashabiki wa Xena: Warrior Princess, kisha akaandika sehemu za msimu wa sita wa tamthilia yenyewe. Mtu ambaye angelitaja jina lake mbele ya watayarishaji angekuwa amempendekeza, bila -e- ya kutendea. Wewe unawapa wenzako hadithi. Andika nawapendekezea.

Wako watakaokuambia kwamba orodha zenyewe hazina haja, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya mahali ambapo vitu vyote vimepangwa na mnunuzi anaviona. Archive of Our Own sasa ina kazi zaidi ya milioni 10. Humo kizuri kimefunikwa, na hakiwezi kujiuza mpaka mtu amkunjulie mwenzake mkono na kusema kiko hapa. Kwa hiyo kazi yako naiheshimu, na ndiyo maana naikasirikia sentensi yako. Tuseme umesoma hadithi moja ya Star Trek na umenogewa nayo. Ningependa unielekeze namna hii:

"Huyu sijapata kusoma wa kumfikia. Nawapendekezea hadithi yake ya Kirk na Spock, maneno 40,000, imekamilika. Inaanza Spock akiwa mbele ya mlango wa Kirk, mkono umeinuliwa, hodi haijapigwa. Kurasa sita zinapita mkono ukiwa hewani. Nimeisoma mara nne, na kila nikifika pale nakuta nimeacha kupumua nikimngoja abishe."

Neno penda halimo hata mara moja. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na humu yanasikika kuanzia mstari wa kwanza. Msomaji amejua mwandishi ni mtu mwingine, amejua hadithi imekwisha na haitamwacha njiani, amejua urefu, na ameuona ule mkono hewani. Angeambiwa "hadithi yangu pendwa ya muda wote" angejua nini? Jina la mwandishi, kwa njia, liandike kama anavyojiita mwenyewe kwenye kazi zake, hata kama ni lakabu ya herufi ndogo tupu na tarakimu. Hilo ndilo alilochagua kujulikana nalo, na jina lake la nyumbani halikuhusu.

Sijidanganyi kwamba pendwa litaondoka kwa sababu nimeandika haya. Limekwisha kuzoeleka, vijana wanalitamka bila kigugumizi, na siku moja huenda likakubalika kote kama lengwa lilivyokubalika. Likisimama peke yake, likimaanisha kitu kinachopendwa na wengi, nitapita kimya: kipindi pendwa, sawa, mwimbaji pendwa, sawa. Nitasimama pale tu linapofungwa pamoja na -angu, -ako au -ake, kwa sababu hapo halijafupisha chochote, limemfuta mtu.

Sentensi yako basi: "Leo nawapendekezea hadithi tano ninazozipenda kutoka tamthilia mbalimbali, na waandishi ambao sijapata kusoma wa kuwafikia." Imerefuka kidogo tu, na sasa unaonekana ndani yake. Rafiki yako naye mwambie asilitupe kishabiki. Alihifadhi kwa siku atakayesoma orodha ya mtu aliyeweka hadithi tano za tamthilia moja na kuapa kwamba nyingine zote hazina mwandishi.