Ulinyamaza, nami nikafurahi

Newala

Mwanangu,

Tangu simu yako ya juzi silali vizuri. Uliniuliza nilikufunza vipi ujasiri, maana wewe na selimundu yako, ugonjwa wa damu wa kurithi, hukuwa unalia, na leo mwanao Somoe, miaka 6, ugonjwa uleule, anapiga kelele akiona sindano tu. Unataka awe kama ulivyokuwa wewe.

Asiwe, mwanangu.

Unaikumbuka Julai ile, baridi ya huku juu ikiingia mpaka mifupani? Ulikuwa na miaka 8. Majirani wakija kukujulia hali wanasema, "Shujaa huyu, halii," nami naitikia kwa fahari. Ulikuwa unasikia. Ukajua ukinyamaza mama anafurahi. Usiku nikakugusa shingo, moto! Homa ulikuwa nayo tangu asubuhi, ukaificha kwa kuwa uliniona nimechoka kuhangaikia maji. Na mtoto wa selimundu wengu wake huharibika mapema, hana kinga ya kutosha. Homa ikifika nyuzi 38 haingojwi kukuche. Tuliondoka usiku uleule kwa pikipiki ya kuazima, nimekupakata. Mpaka leo nikikumbuka natetemeka.

Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, hakukuambia usilie. Alikuuliza, "Maumivu vidole vingapi?" Ukanitazama mimi kwanza, kama unaniomba ruhusa. Kisha ukanyoosha vinne. Nililia mimi.

Vidole vikawa lugha yetu. Msimu wa korosho ulikuwa unaokota na wenzako; ukininyooshea kimoja nakuacha uendelee, viwili nakuita kivulini unywe maji. Nadhani nguvu yako ilianzia hapo, ulipojua ukisema unasikilizwa.

Somoe mwache alie. Siku ya sindano mwambie kabla hamjatoka, usimdanganye mnakwenda kununua maandazi, ataogopa kila safari. Achague mwenyewe mkono wa kuchomwa, apulize taratibu kama anapoza uji. Umtajie ugonjwa wake kwa jina. Mwambie ameurithi kwako na kwa baba yake, hakuna alichokosea, maana watoto wagonjwa wengi hudhani wanaadhibiwa. Shule aende kila anapoweza. Haidroksiyurea, dawa yake ya selimundu, kama daktari alivyoandika, asiruke hata siku moja. Enzi zako hatukuwa nayo.

Mlete Desemba, baridi imeondoka na embe zimeiva. Nataka nimuulize mwenyewe, vidole vingapi.

Mama yako