Re: Nina kilo 104, je, dozi ya atovastatini ni ndogo kwa mwili wangu?

Habari ndugu. Umesema unatumia atovastatini (dawa ya kushusha kolesteroli) miligramu 20, LDL (kolesteroli mbaya) imeshuka kidogo tu, na unahisi dawa "inapotelea" kwenye unene. Hata mimi ni mnene na natumia statini (kundi la dawa kama hiyo yako), kwa hiyo naelewa hofu yako.

Kwa mtu mzima, dozi ya statini haipimwi kwa kilo. Dawa hufanya kazi zaidi kwenye ini, na daktari hupanga dozi kwa kuangalia hatari ya moyo na majibu ya damu.

Kwanza jiulize kwa ukweli: unameza kila siku? Hapo ndipo wengi tunakwama. Pili, kipimo cha pili cha damu ulifanya baada ya muda gani? Subiri wiki 4 hadi 12 tangu uanze dawa au ubadilishe dozi. Pia omba upimwe tezi ya shingo. Ikiwa inafanya kazi kivivu, LDL hupanda.

Usijiongezee vidonge, tafadhali. Kuongeza dozi maradufu hushusha LDL kwa takriban asilimia 6 tu zaidi, huku maumivu ya misuli yakiweza kuongezeka. Daktari anaweza kukuongezea ezetimibu, dawa nyingine ya kushusha kolesteroli. Kupunguza uzito kunasaidia, ila trigliseraidi (aina nyingine ya mafuta ya damu) ndizo hushuka zaidi kuliko LDL.