Maswali yenu: pesa za utafiti zaenda wapi, na Pwani yapata nini?

Salaam aleikum mwalimu. Huu utafiti unaotajwa kila bajeti ni kitu gani, na serikali yatoa kiasi gani? – Msomaji, Likoni

Waaleikum salaam. Ni kazi ya kutafuta ujuzi mpya kwa utaratibu, au kuugeuza ujuzi huo uwe mbegu, dawa au chombo. Kununua kompyuta za ofisi hakumo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijafikiwa. Hesabu ya 2010 ilikuta Kenya nzima, serikali na wengine wote kwa pamoja, ikitumia asilimia 0.79. Umoja wa Afrika unataka kila nchi itumie angalau asilimia 1.

Ndugu mwandishi, mbona Wakorea wametuacha mbali hivyo? – Msomaji, Changamwe

Korea Kusini hutumia karibu asilimia 5 ya pato lake, na takriban robo tatu ya pesa hizo hutoka kwa kampuni. Lakini kampuni hazitawanyiki. Tazama Ujerumani: jimbo la Baden-Württemberg, nyumbani kwa Mercedes-Benz, Porsche na Bosch, hupita asilimia 5. Mecklenburg-Vorpommern, kule pwani yao ya kaskazini, haifiki nusu ya hapo, na mzigo mkubwa hubebwa na vyuo na taasisi za umma. Pesa ya kampuni hufuata makao makuu, mafundi na maabara zilizokwisha kujengwa. Ya umma yaweza kuamriwa iende pasipo na hayo.

Sisi wenye bandari tumekosa nini basi? – Mfanyakazi, Kilindini

Kreni unayoiona gatini ilikuja na ujuzi wake ndani. Utafiti wake ulilipiwa kwingine, sisi tukanunua chombo kilichokamilika. Na kampuni nyingi zilizo hapa, wakubwa wake wako Nairobi au ng'ambo.

Hata M-Pesa, kabla ya kuzinduliwa 2007, ilijaribiwa kwa pesa za Vodafone pamoja na za serikali ya Uingereza. Umma ulikubali kubeba sehemu ya hasara, kampuni ikathubutu. Hilo ndilo nilitakalo Pwani.

Mwalimu, hawa KMFRI wametufanyia nini hasa? – Mama mkulima wa mwani, Kwale

Dada yangu, hao wa taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi wewe wawajua kuliko mimi. Maji yakipwa Kibuyuni, kina mama hushuka na kamba zao, wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, migongo imeinama hadi maji yarudi. Watafiti wa taasisi hiyo, yenye makao hapa Mombasa tangu 1979, wamekuwa pamoja na wakulima wakijaribu ni aina gani zinaota vizuri katika maji yetu.

Nenda pia Gazi. Pale mikoko imepandwa na kupimwa kwa miaka mingi: unene wa shina, urefu, hata matope ya mizizini. Vipimo hivyo ndivyo vilivyouwezesha mradi wa Mikoko Pamoja kuanza kuuza kaboni mwaka 2013, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti, na pesa zake zikaleta maji kijijini na kusaidia shule. Kampuni gani ingelipa mtu apime miti miaka yote hiyo, faida haijaonekana? Ndiyo maana naumia kila bajeti ya utafiti inapokatwa.

Utafiti wa Kilifi unalipwa na Waingereza. Ni vibaya? – Msomaji, Mtwapa

Si vibaya hata kidogo. Kituo cha KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, na Wellcome, mfuko wa hisani wa Uingereza, kiko pale tangu 1989, na chanjo ya malaria ya R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, ilijaribiwa Kilifi pia. Ila katika hesabu ile ya 2010, karibu nusu ya pesa za utafiti wa Kenya zilitoka nje, na mfadhili huanza na lile linalomgusa yeye. Malaria imempata wake. Minazi mizee ya Rabai haina mtu London. Ina kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, hapo hapo kwenu Mtwapa, na hicho chategemea bajeti inayopangwa Nairobi.