Usinunue gurudumu jipya bado

Pole sana ndugu. Spoki tatu za nyuma kukatika mwezi mmoja, tena hapa Kisumu unakotegemea baiskeli kwenda kazini, inachosha. Lakini gurudumu zima la nini? Zikikatika pale spoki inapopinda kuingia habuni (kitovu cha gurudumu), mara nyingi zilikuwa zimelegea.

Ukienda soko la Kibuye kutafuta spea, beba spoki isiyokatika ya upande uleule iwe kipimo. Kwenye baiskeli ya gia, za upande wa gia huwa fupi kidogo. Milimita mbili tatu zinaharibu kazi. Fundi mzuri hubinya spoki mbilimbili kwa vidole kusikia zilizolegea, kisha hukaza nipeli (vinati vya spoki kwenye rimu) robo robo ya mzunguko huku akizungusha rimu. Akikaza moja kwa nguvu na kukurudishia, mwambie arudie. Gololi za habu nazo zioshwe kwa mafuta ya taa, ziwekwe grisi mpya.