Kishale chembamba, uzito ule ule: fundi wa mashine anajibu

Swali: Shikamoo fundi. Niko Majengo, Moshi, jioni nacheza vishale na wenzangu. Vyangu ni vya brasi, gramu 22. Mwenzangu ana vya tangsteni, gramu 22 hizo hizo, lakini vyembamba kama penseli. Nikilenga tatu-ishirini, kile chumba chembamba cha ubao ambacho ishirini huhesabiwa mara tatu, cha kwanza kikishaingia, cha pili na cha tatu vinakigonga na kuanguka. Nikikuletea brasi nzuri, unaweza kunikerezea vyembamba kama vyake bila kupunguza uzito?

Jibu: Marahaba. Kwa brasi haiwezekani, hata umpelekee fundi gani. Nikipunguza unene nimepunguza uzito, labda nikirefushe kishale mpaka kiwe mshikaki.

Sentimita moja ya ujazo ya brasi ina gramu 8.5 hivi, tangsteni tupu ina 19.3. Vishale havitengenezwi kwa tangsteni tupu, kwa sababu ni ngumu na hukatika ovyo. Huchanganywa na nikeli pamoja na chuma au shaba. Ile "90%" unayoiona kwenye kasha la mwenzako ni kiasi cha tangsteni, na mchanganyiko huo una gramu 17 hivi. Sasa chukua kipande cha duara, urefu milimita 50, uzito gramu 22. Cha brasi kitataka kipenyo cha milimita 8.1, cha tangsteni 5.7. Kishale chenyewe huzidi kidogo, maana mbele kimetobolewa pa kushindilia ncha na nyuma pa kufungia mkia. Chumba cha tatu-ishirini kina upana wa milimita 8 tu toka waya mpaka waya. Brasi yako moja inaziba upana wote huo.

Tangsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, kwa hiyo haimiminwi kwenye kalibu kama alumini ya masufuria. Kiwandani huanza na unga. Unga wa tangsteni na wa nikeli huchanganywa, hushindiliwa kwa nguvu kubwa, kisha huingizwa kwenye tanuru la karibu nyuzi 1,500. Nikeli huyeyuka, hupenya kati ya punje za tangsteni na kuzishika, mfano wa saruji na kokoto. Kipande husinyaa na kutoka kigumu. Hapo ndipo inapokuja kazi ninayoijua: kukereza, kutoboa, kuchonga mifereji ya kushikia vidole. Wenzetu wanatumia mashine zinazoongozwa na kompyuta na visu vya kabaidi, ambayo nayo ni tangsteni iliyoungana na kaboni. Tangsteni inakata tangsteni! Mwisho kila kipande hupimwa, na vinavyolingana uzito hupangwa vitatu vitatu.

Seti ya brasi nimewahi kumkerezea mteja hapa Unga Limited, Arusha, na iliniaibisha. Hesi ya kufungia mkia nilikata kwa tepu, kile kifaa cha kuchonga hesi ndani ya tundu, ya kipimo cha M5. Mkia uliingia vizuri, nikafurahi. Alipoanza kurusha, ukawa unacheza na kulegea kila baada ya mitupo michache. Kumbe hesi ya vishale ni ya kipimo cha zamani cha Kiingereza, 2BA: kipenyo milimita 4.7, hatua (umbali toka jino hadi jino) 0.81. M5 ni milimita 5 kwa 0.8. Hatua zinakaribiana mno, ndiyo maana mkono haukuhisi tofauti. Tundu moja pia nililitoboa ndani zaidi, kishale hicho kikawa chepesi kuliko wenzake. Tulikigundua kwenye mizani ya jirani anayepima tanzanaiti, si kwa macho.

Kwa hiyo usinunue brasi. Tafuta viwiliwili vya tangsteni peke yake, yaani ile sehemu ya chuma unayoshika; mkia na manyoya ya plastiki ulivyo navyo vitaingia, mradi ni 2BA. Vya 80% ni nafuu na bado ni vyembamba kuliko vyako. Vya 95% bei hupanda, na unene unaopungua ni mdogo. Kwa mchezo wa jioni sioni haja.

Na angalia ncha zako. Ubao ni nyuzi za katani zilizobanwa pamoja, vichwa vyake vikimtazama mrushaji, ncha hupenya katikati yake bila kuzikata. Ncha butu au yenye ndoano inazing'oa. Isugue kwa jiwe la kunolea visu, ukiizungusha taratibu, mpaka ukipitisha ukucha usikwame. Usiichonge ikawa kama sindano. Ikigonga waya itapinda.