Adhabu ya kifo: kwa wanaoingia mdahaloni mara ya kwanza

Kabla hujaandika hata mstari mmoja, amua unajibu swali lipi. Je, muuaji anastahili kufa? Je, dola ina mamlaka ya kumuua? Je, kumnyonga kunapunguza mauaji? Anayesema "anastahili" hajibiwi kwa takwimu za uhalifu, na anayeleta takwimu hajibiwi kwa mafundisho ya maadili. Midahalo mingi huharibikia hapo.

Upande wa stahili, anza na mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, 1797. Alidai hata watu wa kisiwa wakikubaliana kutawanyika, muuaji wa mwisho aliye gerezani sharti anyongwe kwanza. Hapo hakuna wa kuonywa wala wa kulindwa. Limebaki deni la haki tupu. Ukiukataa mfano huo, basi hata kama hujijui, unatetea adhabu kwa faida yake.

Cesare Beccaria, mwanafikra wa Italia aliyeipinga adhabu ya kifo mwaka 1764, hunukuliwa ovyo na wapinzani wa adhabu hii kana kwamba alisema kwa huruma tu. Alidai pia kuwa kifungo cha maisha chenye kazi ngumu kinatisha zaidi, kwa sababu mateso yake ni ya muda mrefu. Ukimtumia, ubebe na hilo.

Kwenye takwimu, linganisha kunyongwa na kifungo cha maisha, usilinganishe na kuachiwa huru. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti za miongo mitatu na kusema hazitufai kuamua kama adhabu hii inapunguza mauaji, inayaongeza au haibadilishi kitu. Kasoro moja kubwa ilikuwa hiyo hiyo: hazikuhesabu adhabu nyingine ambazo muuaji angeweza kupewa. Kwa hiyo pande zote mbili ziache kutamba na namba.

Hoja ya kosa la mahakama ndiyo nzito kuliko zote, lakini ijengwe vizuri. Timothy Evans alinyongwa Uingereza mwaka 1950 kwa kumuua bintiye. Shahidi mkuu wa mashtaka, John Christie, jirani yake wa nyumba moja, baadaye aligunduliwa kuwa muuaji wa wanawake kadhaa. Evans alisamehewa mwaka 1966, amekwisha kufa. Mpinzani atakwambia: basi tuwanyonge tu waliokiri wenyewe. Mjibu kwamba Evans naye alikiri polisi, kisha akakana mahakamani.